Sauti Yangu Ilinitangulia Kakuma

Siku mume wangu Ekaale alipomleta Akoru, mke wake wa pili, nyumbani kwetu Lodwar, nilimpikia mimi mwenyewe. Nilimwekea kiti kivulini, nikamnawisha mikono, nikamsalimu kwa Kiturkana: ejok, mwenzangu, hapa ni kwako. Majirani zangu wa mtaa wa Kanamkemer walinisifu kwamba nina moyo mkubwa. Haukuwa moyo. Sikuona tu kitu cha kumwonea wivu.

Alikuwa mwembamba kama fimbo, mtoto wa wafugaji wa Lokori aliyeachia shule darasa la sita. Mali yake yote ilikuwa sanduku la bati na paneli moja ya sola iliyopasuka pembeni. Kwa paneli hiyo alikuwa akichaji simu za wachungaji waliotembea nusu siku kumfikia, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila simu aliifunga uzi wa rangi yake ili asikosee mwenyewe. Mimi nilikuwa na binti wa miaka minane, Ashley, na biashara ya samaki wakavu niliyoijenga kwa miaka kumi na miwili. Ekaale aliendesha pikapu kati ya Kalokol na Lodwar, na nusu ya samaki aliowabeba walikuwa wangu. Nani angemwonea wivu mtu wa paneli iliyopasuka?

Wiki ya pili aliniomba baraza ya duka langu la samaki aweke meza yake. Nilimpa. Hata nilisogeza magunia yangu ili apate kivuli cha mchana.

Ndivyo maduka yake ya Ejok yalivyoanza, kwenye baraza yangu, katikati ya harufu ya samaki wangu. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye yaliniponza.

Watu walileta simu za kuchaji, wengine wakaleta zilizokufa. Mwenye simu akiambiwa haiponi, aliitupa. Akoru alizinunua hizo zilizotupwa, akazijaza kikapu. Nilimcheka. Nilimwuliza kama anataka kuzipika. Akaniambia kwa upole kwamba amesikia kuna fundi kambini Kakuma, mtu wa Sudan Kusini anayeitwa Gatjang, ambaye simu ikiwa na pumzi yoyote ndani yake huirudisha. Alipanda pikapu ya Ekaale akaenda, akakaa huko miezi mitatu. Aliporudi, vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua kwa chuma cha kulehemu, na kikapu kilikuwa kitupu. Simu zote zilikuwa zimefufuliwa na kuuzwa.

Halafu akagundua jambo ambalo sisi wote tulilipita kila siku bila kuliona. Wafanyakazi wa mashirika walikuja Turkana kwa mikataba. Mkataba ukiisha, mtu anaondoka na begi moja, lakini nyumbani kwake ameacha friji, feni, televisheni, pengine kompyuta. Akoru alijua mkataba wa nani unaisha lini kuliko mwajiri wake. Alifika mlangoni akiwa na Ekaale na pikapu kabla mwenye nyumba hajaanza kufunga mizigo. Alichonunua alikifungua, akakisafisha vumbi, akabadilisha kilichoungua, akakiuza na neno lake juu: kikiharibika kabla ya miezi mitatu, kirudishe. Hakuna aliyewahi kutupa neno kama hilo huku kwetu. Tulizoea kuuziwa kitu na muuzaji kutoweka.

Duka la kwanza alilifungua mjini Lodwar, na kibao cha bluu: Ejok Elektroniki. La pili Kakuma, Gatjang akiwa fundi mkuu. La tatu Kalokol, na hilo lilinigusa mfukoni, maana aliwauzia wavuvi majokofu ya mtumba. Wateja wangu wakaanza kuuliza samaki mbichi wa kwenye barafu. La nne Lokori, kwao, ambako wazee waliomjua akifunga nyuzi kwenye simu walimchinjia mbuzi.

Kila duka lilipofunguliwa nilikwenda, nikapiga makofi pamoja na wengine.

Wivu haukunijia kwa ghafla. Uliingia kama mchanga wa upepo wetu: unafunga mlango na bado unaukuta kwenye sufuria. Kanisani, akina mama waliozoea kunisogezea nafasi kwenye benchi walianza kumsogezea yeye. Ekaale aliacha kubeba samaki akawa dereva wa mizigo ya Akoru, na jambo lililonikera ni kwamba alifurahi. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alizungumza habari za kompresa. Mwanamume aliyekuwa akila kwangu bila kusema neno sasa alikula kwangu akinisimulia jinsi Akoru alivyomshinda maneno mfanyabiashara fulani wa Eldoret.

Nilijiambia kwamba nina kitu kimoja ambacho hana. Akoru hakujaliwa mtoto. Sijivunii, lakini nililishika wazo hilo kama mtu anavyoshika ufunguo.

Lakini Ashley tangu utotoni alikaa chini ya meza ile ya barazani akifungua simu mbovu kwa kisu cha kuparia samaki. Alipomaliza kidato cha nne nilitaka asomee uuguzi. Yeye alitaka kwenda Kakuma kujifunza ufundi. Akoru alikuja kuniomba kwa heshima zote, akaketi chini yangu, akasema mtoto ni wangu na neno ni langu. Ningesema nini? Nilikubali. Baada ya mwaka mmoja Ashley ndiye aliyesimamia duka la Kakuma.

Jumapili walipokutana kwangu walizungumza wao wawili habari za skrini na betri, wakitumia maneno nisiyoyajua, wakicheka kituko cha mteja nisiyemjua. Mimi nilikuwa pale na mwiko mkononi. Siku moja Ashley alionja samaki wangu akasema kwa mama mdogo hawatii chumvi nyingi hivi. Hakusema kwa ubaya, na nina hakika alisahau hapo hapo. Mimi naweza hata leo kueleza alikuwa amevaa nini.

Basi mwaka juzi, mwezi wa pili, redio moja ya hapa ilimwita Akoru aeleze maisha yake. Niliwasha redio yangu sokoni, na wauza samaki wenzangu wakasogea kusikiliza. Alieleza Lokori na paneli. Alimtaja Gatjang. Alitaja pikapu ya Ekaale. Alimtaja Ashley, akasema, "Binti yangu, nimemfundisha kwa mikono yangu." Nilisubiri afike kwenye baraza. Mtangazaji akamshukuru, wakapiga wimbo wa dini. Mwanamke aliyekaa karibu yangu alinitazama, kisha akainamia samaki wake.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepita dukani kwa Akoru mjini. Palikuwa na mteja kutoka kambini, Nyakong, mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuja mjini kununua mali na simu yake ikaanguka majini. Ndani yake kulikuwa na picha za mama yake aliyefariki na za watoto wake wakiwa wachanga. Akoru alikuwa akizihamisha kwenye kompyuta ili azitie kwenye simu nyingine, na picha moja ilionyesha Nyakong akinyonyesha. Nyakong mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, analia na kucheka, anaziita kwa majina. Niliyaona yote hayo. Nilijua kilichokuwa kikifanyika.

Lakini mchana ule, redio ikiwa bado inaimba, nilichukua simu yangu, nikaingia kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, nikabonyeza pa kurekodi sauti. Nilisema, "Akina mama, ninyi mnaopeleka simu kwenye yale maduka ya Ejok, mjue picha zenu zinabaki kwenye kompyuta zao. Nimeona kwa macho yangu mwanamke ananyonyesha, kifua wazi, na mafundi wanatazama." Haikufika hata dakika moja. Nilipoachilia kidole nilihisi nimetua mzigo.

Siku tatu zilizofuata duka la Lodwar lilipungua watu. Wanawake walikwenda kudai simu zao kabla hazijatengenezwa. Nilipita upande wa pili wa barabara nikaona Akoru amesimama mlangoni mikono nyuma, na nitasema ukweli, nilifurahi. Nilikwenda zangu nikauza samaki kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Sikufikiria kwamba ujumbe hauna mpaka. Kutoka kwenye kikundi chetu ulikwenda kwenye vikundi vingine, ukavuka hadi Kakuma. Huko kuna lugha nyingi, na kila aliyeutafsiri aliuongezea kidogo. Ulipofika upande wa pili wa kambi, ulisema picha za wake za watu zinauzwa.

Alhamisi asubuhi watu walijaa mbele ya duka la Kakuma. Yaliyotokea nilisimuliwa na Gatjang, maana Ashley hakuwahi kunisimulia. Kwanza walidai simu zao, na Ashley akawarudishia moja moja, akiangalia majina. Halafu mwanamume mmoja akaweka simu yake juu ya kaunta, akaufungulia ujumbe kwa sauti yote ili duka zima lisikie. Gatjang aliniambia Ashley aliacha alichokuwa akifanya. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na simu ya mtu mkononi, akaendelea kuishika tu, hakumjibu mtu yeyote, hata yule aliyemuuliza mara tatu kama ni kweli. Kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mbele. La pili lilimpiga juu ya sikio.

Gatjang alimvuta ndani akateremsha mlango wa chuma. Aliyebaki nje ni Nyakong, ambaye duka lake la vitenge liko jirani. Alipanda juu ya kreti akapiga kelele kwa Kinuer na kwa Kiarabu cha Juba kwamba zile picha ni zake, yeye ndiye aliyenyonyesha, na yeye ndiye aliyeomba zitolewe. Wengine walimsikia, wengine wakaendelea kurusha mawe hadi polisi walipofika.

Mimi nilikuwa sokoni Akoru aliposimamisha gari mbele ya meza yangu. Hakuteremka. Alisema, "Ashley ameumia Kakuma. Panda."

Nilipanda na aproni yangu ya samaki. Ekaale alikuwa Kalokol na mizigo, tulikuwa wawili tu. Tulivuka mto Kawalase, uliokauka ukawa mchanga mtupu, tukashika lami. Akoru aliendesha kwa kasi, mikono yote miwili kwenye usukani, na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Mimi sikuwa na chozi. Na hata katika saa ile, Mungu anisamehe, nilimtazama nikawaza: kwa nini analia kunizidi, mtoto ni wa nani?

Tulipokwenda kama nusu ya njia aliniambia, bila kunitazama, "Sauti ile naijua, Mama Ashley. Niliijua tangu siku ya kwanza."

Kisha nikamwuliza kwa nini basi amenipakia.

"Ashley atataka kumwona mama yake."

Ningeweza kuomba radhi hapo. Badala yake kilichonitoka ni kile kilichokuwa kimenikaa rohoni. "Hukunitaja kwenye redio," nilisema. "Baraza ilikuwa yangu. Ulimtaja kila mtu."

Nilidhani atajitetea. Nilidhani atasema alinitaja wakakata, au muda ulikwisha. Aliendesha mwendo mrefu, tukapita ngamia waliokuwa wakivuka, ndipo akasema, "Ni kweli. Nilisahau. Waliniuliza nilianzia wapi, mawazo yakaenda Lokori." Akavuta pumzi. "Nilipotoka ndipo nikakumbuka. Nilitaka kuja kukuambia, nikaona haya."

Tukafika Kakuma.

Ashley alikuwa kitandani hospitalini, kichwa kimefungwa bendeji, jicho moja limevimba. Daktari alisema fuvu halikuguswa, ila sikio lile lingechukua muda. Alimwona Akoru kwanza, akamuuliza kama simu za wateja zilizokuwa kwenye droo ziko salama. Akoru akamwambia aachane na simu. Kisha akanitazama mimi, na nikajua.

"Mama, ilikuwa sauti yako."

"Ndiyo."

"Nilifikiri labda mtu amekuigiza."

Ningemdanganya, angeamini; alikuwa akinipa njia. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Ni mimi."

Hakulia. Aliniomba tu, kwa adabu kama mtu anayezungumza na mteja, nitoke nje kidogo. Nilikaa kwenye benchi la korido na harufu yangu ya samaki, watu wakipita. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Nilimwona Akoru ameketi kwenye kile kiti kimoja kilichokuwa kando ya kitanda, ameshika mguu wa Ashley juu ya shuka. Nimewahi kumwonea wivu kwa maduka manne, kwa gari, kwa mume, lakini hakuna wivu ulionichoma kama ule wa kiti kile. Na huo sikuwa na wa kumlaumu.

Jumamosi nilisimama mbele ya duka lililovunjwa. Gatjang aliwaita viongozi wa vitongoji vya kambi na majirani wa sokoni. Nilisema kwa Kiturkana na kwa Kiswahili kwamba niliona, nilijua nilichokiona, na nikakigeuza. Nilisema sababu ni wivu. Nyakong alisimama kando yangu akitafsiri, na alipofika kwenye neno hilo alinitazama, akaniuliza polepole kama anaweza kulisema jinsi nilivyolisema. Nikamwambia aliseme. Baadhi ya watu waliondoka kabla sijamaliza. Mzee mmoja alinipa mkono. Yule mwanamume wa kaunta hakuonekana. Siku hiyo hiyo nilituma ujumbe mwingine wa sauti kwenye kikundi cha kanisa. Ule wa kwanza ulikuwa umefika hata Loki, mpakani mwa Sudan Kusini. Huu wa pili ulisikilizwa na wale waliotaka kuusikia.

Duka la Kakuma lilifungwa miezi mitano. La Lodwar liliyumba, likasimama. La Lokori halikufunguliwa tena. Ndilo lililokuwa dogo kuliko yote na halikuweza kuhimili, na ndilo alilolipenda; sijamsikia akilitaja tangu hapo. Walipofungua tena Kakuma, meza ya fundi iliwekwa mbele kabisa, mlangoni, na mwenye simu anakaa hapo akitazama kila kinachofanyika mpaka mwisho. Watu wakalipenda jambo hilo. Sasa kila duka la Ejok lina meza ya namna hiyo, na mwaka jana walifungua jingine Lorugum. Wageni wakiuliza wazo hilo lilitoka wapi, Akoru husema lilitoka Kakuma, basi.

Mimi na yeye tunasalimiana. Ananiita Mama Ashley, ananiuliza habari za magoti yangu, ananitumia gari nikiwa na mzigo. Lakini tangu siku ile hajala kwangu. Huja, huketi, akiwekewa sahani husema ameshiba. Ekaale alijaribu kutupatanisha mara mbili, akaona hakuna ugomvi wa kupatanisha, akaacha. Redioni hajarudi. Nasikia walimwita, akakataa.

Ashley alikaa miezi saba bila kufika nyumbani. Alinipigia simu kila mwisho wa mwezi, akaniuliza afya, akaaga. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo, na ukizungumza naye anageuza kichwa kidogo. Kila anapokigeuza ninajua ni mimi. Ndiye msimamizi wa Lorugum sasa.

Alipokuja mara ya kwanza baada ya miezi ile hakupiga simu kabla. Niliona pikipiki imesimama, akateremka, akaingia jikoni akaanza kumenya vitunguu. Hatukuzungumza habari za nyuma. Tangu hapo huja Jumapili moja katika mwezi, wakati mwingine mbili.

Jumapili iliyopita alikuja akicheka tangu mlangoni. Akoru alikuwa amekwenda Lorugum kununua friji kwa mwalimu mmoja anayehama, na mwalimu alishikilia kwamba friji haijawahi kuharibika. Akoru akaifungua, akatoa mjusi mkavu aliyekuwa amekaa nyuma ya injini labda miaka miwili, akamweka mezani mbele ya mwalimu. Ashley alisimulia akiigiza uso wa mwalimu, kisha uso wa Akoru, na alipofika kwa Akoru sauti yake ikabadilika, ikawa na fahari ambayo sijawahi kusikia akinisimulia mimi kwa mtu.

Nilihisi kile kitu kikiamka, mahali pale pale. Hakijazeeka hata siku moja. Nilikoroga mchuzi. Ashley alikuwa amegeuza kichwa, ananitazama kuona nitafanya nini.

"Halafu?" nikamwuliza. "Akoru akasema nini?"

Akavuta kigoda karibu na moto, akaendelea.